Machinga ana kitambulisho, mahali hana

Desemba 10, 2018, Ikulu jijini Dar es Salaam, Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Vilikuwa 670,000. Kila mkuu wa mkoa alipewa 25,000 kwa kuanzia, akavigawe kwa Sh20,000 kimoja, kwa muda wa mwaka mmoja. Sharti kubwa lilikuwa moja: mauzo ya mwenye kitambulisho yasizidi Sh4 milioni kwa mwaka. Ahadi ilikuwa nzito kuliko sharti. Aliyelipia asidaiwe tena ushuru wa kila asubuhi, asifukuzwe, mali yake isibebwe.

Kwa muuza mitumba au mama lishe aliyezoea kukatiwa risiti ya ushuru alfajiri, kisha saa sita mchana akafukuzwa na halmashauri ileile iliyomkatia risiti, habari hiyo ilikuwa njema kweli. Sh20,000 kwa mwaka ni chini ya Sh55 kwa siku. Watu walijipanga, wakalipa, wakavaa kadi zao shingoni.

Miaka mitatu haikutimia. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaagiza wakuu wa mikoa wawapange machinga vizuri, bila kutumia nguvu. Dar es Salaam, mkuu wa mkoa wa wakati huo, Amos Makalla, aliwapa hadi Oktoba 18 wawe wameondoka kando ya barabara na mbele ya maduka ya watu, kisha akasogeza mwisho hadi Oktoba 30. Tarehe ilipopita, vibanda vilivunjwa. Kadi za shingoni hazikumsaidia mtu, kwa sababu hazikuwahi kusema neno lolote kuhusu mahali. Hazikutaja mtaa, hazikutaja meza, hazikutaja saa.

Hapo ndipo ulipo mgogoro mzima wa biashara ndogo katika miji yetu. Kila serikali inayokuja inampa mtu karatasi: leseni ya nguvu kazi, risiti ya ushuru, kitambulisho cha mjasiriamali, na sasa kadi ya kidijitali. Karatasi hizo zinamtambua mtu, pengine na kiasi anacholipa. Lakini mgambo akifika hamuulizi machinga jina lake. Anamuuliza kwa nini amekaa hapa. Swali hilo halijawahi kupewa jibu la maandishi, na mpaka lijibiwe tutaendelea kuhamisha watu kila baada ya miaka michache, kwa gharama ileile na kwa machozi yaleyale.

Tuanze na ule ukomo wa Sh4 milioni, maana wengi hawakuupigia hesabu. Yale ni mauzo, wala si faida. Ukiyagawa kwa siku 365 unapata Sh10,959 kwa siku. Kijana anayeuza fulana za Sh5,000 akibahatika kuuza tatu tu kila siku, mwisho wa mwaka amefikisha karibu Sh5.5 milioni, kwa hiyo ameshatoka kwenye kundi la wenye kitambulisho. Mama lishe anayeuza sahani 20 za wali maharage kwa Sh2,000 anaingiza Sh40,000 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi hiyo ni Sh12 milioni, mara tatu ya ukomo. Toa mchele, maharage, mafuta, mkaa, maji ya kununua kwa ndoo na posho ya binti anayeosha vyombo, uone kinachobaki mkononi. Kisheria mama huyo amevuka, na anatakiwa awe na namba ya mlipakodi, akadiriwe kodi, akate leseni ya biashara.

Akienda kukata leseni anaulizwa anwani ya eneo la biashara na mkataba wa pango. Hana. Ana sufuria nne, benchi mbili na mwavuli chini ya mwarobaini. Kwa hiyo hawezi kupata leseni kwa sababu hana fremu, na hawezi kupanga fremu kwa sababu mtaji wake hautoshi hata kilemba, ile pesa inayolipwa kabla ya kodi ili ukabidhiwe funguo. Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972, enzi ambazo mfanyabiashara alifikiriwa kuwa mtu mwenye mlango na kaunta. Mamia kwa maelfu ya watu wanaoulisha na kuuvika mji wetu leo hawana mlango.

Ukitaka kuelewa kwa nini mahali ndiyo kila kitu, nenda Kariakoo saa kumi na moja jioni, usimame Mtaa wa Kongo. Usinunue kwanza. Angalia.

Angalia turubai lililotandikwa chini. Kila pembe ina kamba, na kamba zote nne zimelazwa kuelekea kwa mwenye mali. Likisikika neno "mgambo" kutoka mwisho wa mtaa, anavuta kamba, turubai linakunjana kuwa furushi, furushi linapanda begani, na mahali palipokuwa na soksi dazeni kadhaa panabaki lami tupu. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Ndiyo maana utaona machinga wengi wanauza vitu laini visivyovunjika: soksi, nguo za ndani, vitambaa, fulana, mikanda. Uchaguzi wa bidhaa haukutokana na soko peke yake. Umetokana na mgambo. Anayeuza vyombo vya udongo au mayai hawezi kukimbia, na anayejua kwamba kesho anaweza kukimbia hawezi kukuza mtaji. Hofu ya kufukuzwa inamfunga mtu kwenye mzigo anaoweza kuubeba begani.

Sasa angalia nyuma ya turubai. Mara nyingi kuna duka, na mara nyingi mali iliyo chini ndiyo mali ya dukani. Mwenye duka amempa kijana mzigo kwa mali kauli: chukua, uza, jioni niletee changu, cha juu chako. Duka linapata mikono kumi ya kuuzia pasipo kuajiri mtu hata mmoja, na mauzo ya barabarani hayapiti kwenye mashine ya EFD. Anayedhani kwamba Kariakoo kuna kambi mbili, wenye maduka upande huu na wamachinga upande ule, hajaangalia vizuri. Wapo wenye maduka wanaolalamika kwa haki, nitawafikia. Lakini wapo pia ambao machinga wakiondolewa asubuhi, wao ndio wa kwanza kukosa wateja jioni.

Halafu angalia mteja. Anatoka kazini, anaelekea kituoni, mkononi ana Sh10,000 na ya nauli. Hakuja Kariakoo kununua soksi. Ameziona, amezikumbuka, ameuliza bei, amelipa, yote bila kusimama kwa muda mrefu. Biashara ya machinga inaishi kwenye njia ya mtu anayekwenda sehemu nyingine. Mhamishe muuzaji mita 300 kutoka kwenye njia hiyo na hujahamisha biashara. Umemhamisha muuzaji peke yake, wateja wamebaki kule kule.

Tulishalipia kujifunza somo hilo. Pale Karume, Ilala, lilijengwa jengo la Machinga Complex kwa mkopo wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Ni ghorofa za zege zilizoanza kutumika mwanzoni mwa muongo uliopita, na nia ilikuwa nzuri. Kwa miaka mingi vizimba vingi vya juu vilikaa vitupu. Wateja hawakupanda ngazi kutafuta mkanda wa Sh3,000, na machinga hawakuweza kulipa pango la kizimba kisichopandiwa na mtu, ilhali nje ya uzio, chini, kando ya barabara, biashara ilikuwa imechangamka. Deni la ujenzi nalo likaendelea kukua na kuzua mvutano kati ya mfuko na jiji. Nairobi walipitia njia hiyohiyo: soko la Muthurwa lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 2000 ili kuwatoa wachuuzi katikati ya mji, na hadi leo askari wa kaunti, wale wanaoitwa kanjo, wanakimbizana nao katikati ya mji.

Kwa hiyo ule uhamisho wa 2021 haukuleta jambo jipya. Machinga walielekezwa kwenye masoko na maeneo yaliyotengwa katika wilaya za mkoa. Palipokuwa na njia ya watu, walibaki na wakastawi. Palipokuwa pembeni, walijaribu, mtaji ukaliwa na chakula cha nyumbani, wengine wakaingia kwenye mikopo ya kausha damu, kisha wakarudi barabarani kimyakimya, kwanza jioni baada ya maofisa kutoka kazini, baadaye mchana kweupe. Pita leo Msimbazi, pita Mbagala Rangi Tatu, pita Manzese, utakubali.

Tangu zamani mji huu umekuwa ukijaribu kuwatoa watu wa aina hii. Mwaka 1983 ilipitishwa ile iliyojulikana kama Sheria ya Nguvu Kazi, na mtu aliyekutwa Dar es Salaam bila kazi inayotambulika aliweza kupakiwa kwenye gari na kurudishwa kijijini. Wauza karanga na wauza maji walihesabiwa miongoni mwa wazururaji. Wengi walirudi mjini, baadhi wakitangulia hata malori yaliyowapeleka, na mamlaka zikaishia kuwapa wachuuzi leseni ndogo za nguvu kazi, maana yake zilikiri kwamba ile ni kazi. Uchumi ulipofunguliwa wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, na baadaye mashirika ya umma yalipoanza kupunguza wafanyakazi, barabara ndiyo ikawa mwajiri. Mwaka 2006 ikaja operesheni nyingine kubwa ya kuwaondoa. Desemba 2016 ikaja amri ya upande wa pili, baada ya machinga wa Mwanza kufukuzwa katikati ya jiji: Rais Magufuli akasema wasibughudhiwe hadi watengewe maeneo yanayofaa, tena kwa kuwashirikisha.

Ukizipanga tarehe hizo unaona kitu kinachosikitisha. Uhalali wa machinga unapanda na kushuka kwa kauli. Kauli ya mwaka huu inamruhusu, ya mwaka ujao inamwondoa, na kati ya kauli hizo mbili hakuna sheria ndogo iliyobadilika. Mtu aliyekopa Sh500,000 kwenye kikoba Septemba hana namna ya kujua kama Oktoba meza yake itakuwepo. Tunawalaumu vijana kwamba hawana mipango ya muda mrefu. Mipango ya muda mrefu anaifanya mtu anayejua atakuwa wapi mwezi ujao.

Na hata akitaka kuuliza, amuulize nani? Kipande cha njia ya waenda kwa miguu chenye upana wa hatua mbili kina wakubwa wengi. Ikiwa ni barabara kuu, hifadhi yake iko chini ya TANROADS. Ikiwa ni mtaa wa ndani, ni TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Ushuru na usafi ni wa halmashauri, na Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kodi ni TRA. Chakula ni bwana afya, anayedai cheti cha kupimwa afya, na ana haki ya kukidai. Moto ni Zimamoto. Mtendaji wa mtaa naye anamfahamu kila mwenye meza kwa jina. Halmashauri inaweza kumkatia mtu risiti asubuhi kwenye eneo ambalo kisheria ni hifadhi ya barabara ya wakala mwingine, na wakala huyo akaja mchana na tingatinga. Wote wawili wako kazini. Anayelipa ni mmoja.

Sipuuzi hata kidogo malalamiko ya upande wa pili. Mwenye fremu Kariakoo analipa pango kubwa, analipa leseni, anakadiriwa kodi, anatoa risiti ya EFD, kisha anafungua mlango asubuhi na kukuta mlango umezibwa na meza inayouza bidhaa ileile kwa bei ya chini. Huyo ameonewa. Wanafunzi wasioona wa Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko wanatembea kwa fimbo nyeupe katika mitaa ya Ilala. Kwao meza iliyowekwa leo mahali ambapo jana hapakuwa na kitu ni hatari ya kweli. Mwenye kiti cha magurudumu analazimika kushuka barabarani katikati ya bodaboda. Na moto tumeuona: usiku wa Julai 10, 2021 liliungua Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na Januari 16, 2022 likateketea soko la Karume. Mtaa ambao gari la zimamoto haliwezi kupita ni mtaa ambao umekubali kupoteza watu. Anayetetea machinga bila kuyataja haya hawatetei. Anawachelewesha tu hadi operesheni ijayo.

Lakini yatazame malalamiko hayo moja moja. Mlango uliozibwa, njia iliyojaa, gari la zimamoto lisilopita: yote ni ya mahali. Hakuna hata moja linalotatuliwa kwa kumuuzia mtu kadi ya kuvaa shingoni. Yote yanatatuliwa kwa chokaa na kipimo: hapa ni njia ya mita mbili, haiguswi, hapa mbele ya mlango, haikaliwi, hapa panakaa meza kumi, za ukubwa huu, kuanzia saa hii hadi saa hii.

India walifika huko baada ya mapambano ya miaka mingi ya wachuuzi na vyama vyao. Mwaka 2014 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwalinda wachuuzi wa mitaani na kusimamia biashara yao. Sheria hiyo inataka kila mji uwe na kamati ya biashara za mitaani, na wachuuzi wenyewe, waliochaguliwa na wenzao, wasipungue asilimia 40 ya wajumbe; theluthi ya hao wawe wanawake. Wachuuzi wanahesabiwa walipo, angalau mara moja kila miaka mitano, na hakuna anayeondolewa kabla ya hesabu hiyo kukamilika na vyeti kutolewa. Cheti kinaendana na eneo. Akihitajika kuhamishwa, anapewa notisi ya siku 30. Mali ikikamatwa, inaandikwa orodha. Isiyoharibika anarudishiwa ndani ya siku mbili za kazi tangu aidai, na inayoharibika, kama mboga na samaki, siku ileile, baada ya kulipa tozo iliyowekwa.

Utekelezaji wao una mashimo. Miji mingi ilichelewa kuunda kamati, na polisi wa huko hawakubadilika kwa siku moja. Hata hivyo mchuuzi wa India ana kitu ambacho wa Kariakoo hana: kifungu cha sheria cha kumwonyesha hakimu.

Kuna onyo pia kutoka New York. Mji huo uliweka kikomo cha leseni 853 kwa wauza bidhaa wa kawaida wa mitaani zaidi ya miaka 40 iliyopita, na kikomo hicho kikakaa miaka nenda rudi. Kwa wauza chakula, ambao nao vibali vyao vilibanwa, likazuka soko la magendo ambamo kibali cha ada ndogo kilikodishwa kwa maelfu ya dola na mtu asiyewahi kushika mwiko. Ukiweka idadi ndogo kuliko mahitaji, unawatajirisha walioshika vibali. Hapa kwetu mchezo huo tunaujua kwa sura nyingine. Vizimba vinapogawiwa, lalamiko la kwanza huwa kwamba kwenye orodha yameingia majina ya watu ambao hawajawahi kutandika turubai maishani, na mwezi wa pili kizimba kinapangishwa kwa machinga halisi. Ndiyo maana hesabu inapaswa kufanyika pale watu walipo, wakiwa na mali zao mbele yao, siku ya kazi, na majina yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ambapo majirani wanaweza kumkana asiyestahili. Majirani wanajuana kuliko mfumo wowote wa kompyuta.

Tangu Januari 2022 masuala ya wamachinga yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Shirikisho lao, SHIUMA, linatambuliwa na kuitwa kwenye vikao, na usajili wa vitambulisho vya kidijitali umeanza. Hatua hizi nazipongeza kwa dhati, maana mtu aliyesajiliwa anaweza kufikiriwa kwa mkopo, ikiwemo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini mkopo kwa mtu asiyejua atauzia wapi ni deni la kumtafuna. Fedha na mahali vinapaswa kwenda pamoja, na mahali patangulie.

Ningependa kuona kadi mpya ikiambatana na kibali cha nafasi. Kiandikwe mtaa, namba ya nafasi iliyopakwa rangi chini, ukubwa wa meza, na saa za kuuza. Saa hasa. Tumezoea kufikiri kwamba mtaa ama ni wa magari ama ni wa machinga, kana kwamba siku haina asubuhi na jioni. Mwaka 2025 Kariakoo ilizindua mpango wa biashara wa saa 24. Sasa kuna nafasi gani bora zaidi ya kusema kwamba mtaa fulani utafungwa kwa magari kuanzia saa kumi na moja jioni hadi usiku wa manane, taa ziwake, vyoo viwepo, gari la taka lipite alfajiri, na saa kumi na mbili asubuhi mwenye duka akute mlango wake uko wazi na umefagiliwa? Kwa mpango huo mwenye fremu hafungiwi mlango mchana, mchuuzi anawapata wale wale wateja watokao kazini, na jiji linakusanya ushuru kwenye nafasi zinazohesabika. Taa na choo ni vitu vya lazima hapo, kwa ajili ya wanawake kwanza. Mama anayeuza hadi saa nne usiku mahali pasipo choo wala mwanga anaumizwa na mji kila siku, hata asipoguswa na mgambo.

Ada iwe ya haki. Nafasi ya Msimbazi haiwezi kulipiwa sawa na nafasi ya kichochoro cha Kigogo, na machinga wenyewe wanalijua hilo, maana nafasi nzuri zinauzwa na kukodishwa kwa siri hata sasa, ila pesa haifiki kwenye kapu la umma. Na ule ukomo wa Sh4 milioni uangaliwe upya kwa kumkalisha mtaalamu wa kodi na mama lishe kwenye benchi moja, na daftari la mauzo ya wiki moja mbele yao.

Yanayohitajika hapa hayasubiri katiba mpya wala mfadhili. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo waziri huziidhinisha na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Sheria ndogo ya namna hii inaweza kuanza na mtaa mmoja wa majaribio. Iseme nani anahesabiwa na lini, nani anakaa kwenye kamati, notisi ni ya siku ngapi, na mgambo akichukua mali ya mtu aache karatasi iliyosainiwa inayotaja kila kitu alichochukua, jina la aliyechukua na mahali pa kwenda kudai. Hilo la mwisho linaweza kuanza Jumatatu hii, kwa amri ya mkurugenzi, bila kikao chochote. Furushi la machinga ndilo mtaji wake wote, na pengine nusu yake ni mali kauli ya mtu mwingine. Kulichukua bila stakabadhi ni kumtia mtu umaskini na deni kwa mkupuo mmoja.

Waheshimiwa madiwani wa Dar es Salaam, ninyi mnaomba kura katika mitaa hii na mnazijua meza hizi moja moja. Kabla hamjapitisha bajeti ya operesheni nyingine ya kuwaondoa wamachinga, leteni kwanza kwenye baraza orodha ya mitaa ambayo wanaruhusiwa kuuzia, nafasi ngapi kila mtaa na kwa saa zipi, na muibandike hadharani kila kata. Machinga wamekwisha kulipia vitambulisho vyao. Sasa wanadai waonyeshwe mahali pa kusimama.